MTU NA MAJIRA YA KWAO

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni



Mwandishi wetu alipotuletea barua ya kututaka tuzungumze mbele yenu jioni hii, alituachia hiari ya kuchagua jambo la kusema. Tuliwaza kwanza habari za mishahara, tukaona kwamba wako wenzetu wanaozisema kwa moto kuliko sisi. Tukawaza habari za utunzaji wa majalada, tukaona kwamba mtasinzia, na wengine wenu mmetoka mbali. Basi tumechagua jambo linaloonekana dogo. Jambo lenyewe ni mvua, baridi, jua na upepo wa nchi aliyozaliwa mtu, na jinsi mtu anavyovitambua vitu hivi akiisha kwenda kukaa ugenini. Tunaomba mtuvumilie, maana jambo hili lina njia yake ya kufika katika orodha ya livu, na orodha ya livu hakuna miongoni mwenu asiyeijali.

Sisi tulizaliwa katika milima ya Usambara, lakini shule ya misheni tuliyosomea ilikuwa chini, karibu na pwani, ambako mtu hulala bila blanketi karibu mwaka mzima. Huko tulifundishwa kwamba mwaka una majira manne: majira ya kuchipua, majira ya joto, majira ya kupukutika majani, na majira ya theluji. Tuliyakariri kwa sauti moja mpaka mbuzi wa jirani wakazoea. Hata ulipofika mtihani tuliambiwa tueleze siku moja ya majira ya kuchipua. Tukaeleza maua ya manjano ambayo hatujapata kuyaona, na wana-kondoo wakirukaruka katika majani mabichi, na ndege ambao hata majina yao tuliyatamka kwa taabu. Tukapata alama nzuri. Nje ya dirisha masika yalikuwa yameanza. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata mwalimu akalazimika kuandika ubaoni badala ya kusema. Hakuna aliyetuuliza habari za mvua ile, wala sisi hatukudhani kuwa yaweza kuulizwa katika mtihani.

Hatusemi hivi kumlaumu mwalimu wetu. Yeye mwenyewe hakupata kuiona theluji. Alifundisha kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amefundishwa na mwingine, na huko mwanzo wa mlolongo alikuwako Mzungu mmoja aliyesimama mbele ya watoto katika joto, akawasimulia nchi yake kwa sababu alikuwa na hamu nayo. Hili hatukulifahamu mpaka tulipokuwa watu wazima. Tulidhani tunapokea elimu ya dunia, kumbe tulikuwa tukipokea majonzi ya mtu aliye mbali na kwao. Katika kitabu chetu cha kusoma mlikuwa na shairi la Robert Browning, lililopigwa chapa mwaka 1845, lenye kuutamani mwezi wa Aprili wa Uingereza. Jina la shairi lenyewe lasema wazi kwamba ni mawazo ya nyumbani yaliyowazwa ugenini. Tulilisoma lote bila kulitazama jina.

Sasa yafaa tuulize ni kitu gani hasa katika hewa ya Uingereza kinachomfanya Mwingereza aikumbuke hivyo, maana sifa yake kwa watu wengine si njema. Wengi wetu tunaamini kwamba Uingereza ni nchi ya mvua kuliko zote. Hesabu yakataa. Mvua ya London kwa mwaka mzima ni karibu milimita 600 tu. Ya Dar es Salaam yapita milimita 1,000. Tofauti yao iko katika namna ya kunyesha. Mvua yetu hushuka kama mtu aliyekuja kudai deni lake, ikaisha, jua likatoka. Ya kwao ni manyunyu yanayogawanywa kidogo kidogo katika siku zaidi ya mia za mwaka, hata hakuna mwezi usiokuwa nayo. Kwa hiyo Mwingereza hajui kuingoja mvua, bali ajua kulingoja jua.

Lakini jambo kubwa kwao ni mwanga. Kwa kuwa dunia imeinama kwa digrii 23 na nusu inapolizunguka jua, nchi zilizo mbali na ikweta hupata siku ndefu sana na siku fupi sana kwa zamu. Mwezi wa Desemba huko London jua huchomoza saa mbili asubuhi, nalo huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri. Karani huenda kazini gizani na kurudi gizani. Mwezi wa Juni, kwa saa zao za kiangazi, ambazo tangu mwaka 1916 husogezwa mbele, mtu aweza kusoma gazeti nje saa tatu ya usiku. Sisi wa Dar es Salaam, tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua: saa moja ni saa moja ya mwanga, na saa kumi na mbili jua linazama, mwaka hata mwaka. Hesabu hii ingewavuruga watu wa London vibaya, maana huko jua si karani wa kutegemewa. Basi mtu aliyekaa gizani tangu Novemba, kisha akaona mwezi wa Aprili mwanga umerudi na miti iliyokuwa mikavu imevaa majani, hawezi kuisahau furaha ile. Akija kukaa katika nchi ambayo mwembe haupukutishi majani yake yote kwa pamoja na jua halichelewi sana, huona kwamba mwaka wake umesimama. Miezi yapita lakini yeye hapiti. Tumesikia wageni wakisema kwamba hapa kwetu hakuna majira. Hawasemi uongo kwa makusudi. Wanatafuta alama walizozoea, hawazioni.

Alama zetu zipo. Mtu wa pwani aliyelelewa na wazee haulizi tarehe, huuliza upepo gani unavuma. Kaskazi huleta joto la Desemba hata Machi, na zamani ilileta vyombo kutoka Arabuni, kisha masika, kisha upepo wa kusi unaovirudisha vyombo vile, na ndani yake kipupwe, ambapo hata samaki huonekana kuona baridi, kisha demani, bahari ikatulia, kisha vuli. Kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa kila mwezi wa Julai kwa hesabu ya kale iliyotoka Uajemi. Wakulima wa pwani walikuwa wakizigawa siku za mwaka huo kwa makumi, wakajua kumi gani ni la kupanda mtama na kumi gani ni la kungoja. Watu wenye hesabu ya namna hii hawawezi kuambiwa kuwa hawana majira. Walakini, ndugu zetu, ni nani kati yetu tuliosoma aliyeweza kuyataja makumi hayo? Majira manne ya Ulaya tunayo yote kichwani.

Turudi kwa wageni, maana yale waliyoyafanya kwa ajili ya hewa ya kwao ni makubwa. Tazameni India. Waingereza walioitawala nchi ile waliona joto la Calcutta haliwezekani, na mwaka 1864 mji wa Simla, ulio katika milima ya Himalaya karibu mita 2,200 juu ya bahari, ukafanywa makao makuu ya Serikali kwa miezi ya joto. Tangu hapo kila mwaka Serikali nzima ilihama. Tunaposema Serikali tunasema makaratasi. Majalada, mihuri, daftari za hesabu, na pamoja navyo makarani, vilisafirishwa zaidi ya maili 1,000 kwenda, na mwisho wa majira zaidi ya maili 1,000 kurudi. Reli ya kupanda mlimani kutoka Kalka ilifunguliwa mwaka 1903. Kabla ya hapo mizigo ilipanda kwa wanyama na kwa mabega ya watu. Huko juu walijenga nyumba na kanisa kwa namna ya Kiingereza, wakawasha moto jioni, wakajiona wamefika kwao. Wenye elimu ya zamani za utawala wamesema mengi juu ya Simla, lakini sisi hapa tuna swali letu: karani wa Kibengali, aliyezaliwa katika joto na mvua za Bengal, ambaye kila mwaka alipandishwa mlimani kutetemeka ili bwana wake aone hewa ya kwao, yeye hewa ya kwao aliiona lini?

Jambo lilikuwa vivyo hivyo kwingineko. Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, kabla ya hapo alikuwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka. Na huko Nuwara Eliya, penye baridi, alijaribu kufanya shamba la Kiingereza kamili, akaleta ng'ombe na mbegu kutoka kwao. Na kwetu Usambara, Wajerumani walipoona hewa ya Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, walitulia, wakapaita Wilhelmstal. Mapeasi na plamu, matunda ambayo asili yake ni nchi za baridi, hata leo watoto wetu huyauza kando ya barabara ya mlimani. Tulipokuwa wadogo hatukujua kwamba matunda yale ni ukumbusho wa watu waliokuwa wakiitamani hewa yao. Tuliyala tu, na mengine tuliyala kabla hayajaiva, tukaumwa.

Baadaye hamu hii ilivikwa kanzu ya elimu. Mwaka 1905 daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alitoa kitabu cha kueleza kwamba mwanga wa jua la nchi za joto humdhuru mtu mweupe mwilini na akilini. Watu waliamini. Ndipo zikaja kofia kubwa za jua, na vitambaa vya kukinga uti wa mgongo, na maneno ya kitaalamu ya kuutaja uchovu ambao kwa sehemu kubwa, kwa maoni yetu, ulikuwa ni upweke. Katika Vita Kuu ya Pili (1939–1945) maelfu ya askari wa Ulaya walitembea juani bila kofia zile, wala hawakupatwa na mambo yaliyotabiriwa. Lakini kwa muda wote ule afisa wa Kizungu alikuwa akifanya kazi miaka miwili au zaidi kidogo, kisha hupewa livu ya miezi kadha na nauli ya meli kwenda kwao, na hewa ya nchi ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Sisi hatuoni kosa katika livu ile. Mtu alistahili kwenda kwao. Twasema tu kwamba sheria iliijua hamu ya mtu mmoja kwa jina la ugonjwa, na ya mwingine haikuwa na jina lolote.

Hapa yafaa tuwasimulie habari tuliyopewa na mzee mmoja wa kazi hii, aliyestaafu zamani, tuliyekuwa tukienda kumwamkia tulipokuwa tungali vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa karani wa taipu katika ofisi moja ya wilaya, ambayo hakututajia, nasi hatukumwuliza. Bwana wake alikuwa na kalenda ukutani yenye picha za kwao, moja kwa kila mwezi. Mwezi wa Desemba picha ilionyesha theluji juu ya ua wa kanisa, na chini yake Bwana alikuwa akijipangusa jasho ili lisidondoke juu ya karatasi. Mwezi wa Aprili ilionyesha miti yenye maua meupe, na nje masika yalikuwa yakichukua barabara. Kila mwezi ulipoanza, Bwana aliigeuza kalenda mwenyewe. Kazi hiyo hakumpa tarishi. Mzee alisema kwamba siku ya kuigeuza Bwana hakugomba na mtu mpaka adhuhuri.

Mwaka mmoja Bwana aliandika barua ya kuomba livu yake isogezwe mbele kidogo, ili meli imfikishe kwao mwanzo wa Mei. Sababu aliyoiandika ni kwamba alikuwa hajayaona majira ya kuchipua ya kwao kwa miaka mitano. Mzee wetu ndiye aliyeipiga taipu. Naye wiki ile ile alikuwa ameomba ruhusa ya siku 28 kuanzia mwezi wa Machi, aende kwao awahi mvua ya kwanza, maana mama yake alikuwa mzee na shamba lilikuwa likingoja mikono. Karatasi yake ilikuwa imerudi ikiwa na maneno mawili pembeni, kwa wino mwekundu: sababu haitoshi.

Mzee akafikiri usiku kucha. Hakutaka kujibu, maana katika siku zile kujibu kulikuwa na bei. Asubuhi alipompelekea Bwana barua yake ya livu ili aitie sahihi, aliiweka katika jalada moja pamoja na karatasi yake mwenyewe yenye wino mwekundu, moja juu ya nyingine, akazibana kwa pini moja, akatoka. Akakaa kwenye taipu bila kupiga hata herufi. Alisema kwamba ukimya wa ofisi ile ulikuwa mrefu kuliko masika yote aliyopata kuyaona. Kisha kengele ikalia. Bwana hakumtazama. Alimpa jalada, akasema kwamba pini zisitumiwe ovyo. Ndani yake barua ya Bwana ilikuwa imetiwa sahihi, na katika karatasi ya mzee wino mwekundu ulikuwa umekatwa, na juu yake imeandikwa: wiki tatu.

Tulimwuliza mzee kwa nini wiki tatu na si nne. Akacheka, akasema, "Wanangu, ile wiki ya nne ndiyo iliyokuwa heshima yake."

Wako pia watu wetu waliochukuliwa na dunia wakaishi katika theluji ile tuliyoikariri shuleni. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867, akafika Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki, naye akabaki na watoto wadogo katika mji ambao siku ya Desemba haifiki saa nane za mwanga. Alipoandika kumbukumbu za maisha yake, zilizopigwa chapa mwaka 1886, aliieleza Unguja ya utoto wake kwa namna ambayo msomaji huhisi joto la ukuta wa jumba. Alirudi kuiona Unguja mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, lakini si kukaa. Alifariki Jena mwaka 1924. Na imeandikwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa pamoja naye. Hewa haiwezi kutiwa mfukoni, basi alichukua kilichowezekana.

Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye habari alizoziandika za desturi za Waswahili zilitoka mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Huko alioa mke Mjerumani. Mwaka 1905 walijaribu kurudi pamoja, wakuu wa koloni wakakataa mke yule asishuke pwani. Mtoro hakukubali kumwacha, akarudi naye kwenye baridi, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1927. Tunapowaza jambo hili, twaona meli imetia nanga, kaskazi au kusi inavuma usoni mwa mtu huyu, hewa ya kwao kabisa, naye anaivuta kifuani akijua kwamba meli itang'oa nanga.

Martin Kayamba, aliyekianzisha chama cha makarani wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, ambacho wengi wetu twakihesabu kuwa baba wa vyama vya namna hii, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia na Bwana Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Kitabu chake cha safari ile kilitoka mwaka 1932 kwa Kiswahili. Yeye alirudi salama, akaandika aliyoyaona huko kwa macho ya mgeni. Anayekipata kitabu kile na akisome, maana mambo ya Uingereza yaliyoandikwa na karani wetu ni machache kuliko mambo yetu yaliyoandikwa na makarani wa Uingereza.

Lakini si lazima mtu avuke bahari ndipo awe mgeni. Sisi wenyewe tulikuwa hatujui kwamba tuna hewa ya kwetu mpaka tulipohamishiwa Dodoma. Kwetu milimani mwezi wa Julai ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Asubuhi mtoto hutoka nje akauona mvuke wa kinywa chake mwenyewe, akajifanya anavuta sigara, akapigwa. Nguo hazikauki siku tatu. Tulipokuwa huko tulikuwa tukiulalamikia ukungu ule kila siku. Tulipofika Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 570, yote katika miezi michache, na kuanzia Mei hata Novemba ni jua na upepo na vumbi, tulifurahi mwezi mmoja. Nguo zilikauka kwa saa moja. Mwezi wa pili tukaanza kuota ndoto za ukungu. Habari zilipotujia kutoka nyumbani, watu walianza na salamu, na baada ya salamu mvua, na baada ya mvua ndipo magonjwa na madeni. Zamani tuliyapita haraka maneno yale ya mvua, tukitafuta habari zenyewe. Huko Dodoma tulijikuta twauliza: ilinyesha usiku au mchana? Maharage yametoka upande gani wa bonde? Na mama hakustaajabu kuulizwa. Alijibu kwa urefu, kama mtu aliyengoja miaka mingi mwanawe apate akili.

Tulikuwa na rafiki katika ofisi ile, Mgogo wa hapo hapo, ambaye alitucheka sana kwa habari zetu za ukungu. Mwaka uliofuata akahamishiwa Tanga. Tulipokutana naye tena tulimwuliza habari za huko, tukitazamia atasifu bahari. Akasema, "Mvua ya Tanga haina adabu. Kwetu mvua ni mgeni. Ikija watu hutoka nje kuipokea. Huko ni mpangaji, tena asiyelipa kodi." Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba kitu alichokikosa ni ile harufu ya udongo mkavu unapopata matone ya kwanza. Harufu hiyo wataalamu wawili wa Australia waliichunguza na kuipa jina mwaka 1964, wakaeleza kwamba hutokana na mafuta ya mimea yaliyokusanyika udongoni wakati wa ukavu. Kwa hiyo kiangazi kirefu cha Dodoma ndicho kinachoitengeneza. Kule mvua inakonyesha kila mara harufu haipati nafasi ya kujikusanya. Rafiki yetu hakuyajua haya, lakini pua yake ilikuwa imekwisha yajua.

Liko jambo moja zaidi linalotufanya tusicheleweshe. Majira yenyewe hayakai kama tulivyoyaacha. Waingereza wana kumbukumbu za joto la katikati ya nchi yao tangu mwaka 1659, na zaonyesha kwamba nchi imepata joto; Mwingereza anayerudi sasa huyakuta maua yamemtangulia. Kwetu, vuli ya mwaka 1997 na ya mwaka 2019 zilikuja kwa mafuriko, na iko miaka mingine ambayo vuli imekuja kama barua isiyokuwa na sahihi, hata mkulima hajui kama aifuate. Mtu anayesema, "Nitakwenda kuyaona masika nikistaafu," hajui atayakuta ya namna gani, wala ni nani atakayekuwa kibarazani kumpokea.

Basi, Bwana Mwenyekiti, tunaomba Chama kiandike barua. Hatuombi livu iongezwe. Mambo ya namna hiyo tumewaachia wenye moto. Twaomba kwamba katika kupanga orodha, mtumishi apewe nafasi ya kutaja majira ya kwao kuwa sababu, na sababu hiyo isikatwe kwa wino kabla ya kusomwa. Wa Bukoba ana mvua zake, wa Unyamwezi ana zake, wa pwani ana zake. Haziji pamoja, kwa hiyo ofisi haitabaki tupu. Tumelipima jambo hili kwa hesabu katika ofisi yetu yenye makarani tisa, tukaona kwamba wanaogongana ni wawili tu, na hao wawili ni ndugu wa mji mmoja, watapatana.

Karatasi ya majina iko mezani kwa Mwandishi, yenye nafasi tatu: jina, kwao, na mwezi. Sisi tumekwisha jaza mstari wa kwanza. Kwetu ni Usambara, na mwezi tulioandika ni Machi, kabla maharage hayajapandwa. Kalamu tumeiacha hapo hapo juu yake.